Mahali Aliposimama Dorika

Sixbert alipotaka kurudisha tela nyuma, mkewe Dorika ndiye aliyekuwa macho yake. Magunia ya alizeti yalipangwa mpaka yakapita kichwa cha dereva, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha trekta hakuona nyuma chochote isipokuwa magunia yenyewe. Dorika alishuka, akazunguka nyuma, akakaza kanga kiunoni na kuanza kuita.

"Njoo! Njoo! Kata kulia! Kulia nimesema, baba Simoni! Haya, nyoosha. Simama!"

Watu wa Mitundu waliizoea sauti hiyo. Kwenye mashine ya kukamua alizeti ya mzee Mughwai, geti lilikuwa jembamba na ukuta wa matofali uko karibu, na madereva wengine waligonga nguzo kila msimu. Sixbert hakuwahi kugonga. "Mwenzetu ana mke," walisema. Dorika alijifanya hajasikia, lakini maneno hayo alirudi nayo nyumbani kila mara, yakamfurahisha hata akiwa peke yake jikoni.

Mwishoni mwa mavuno ya mwaka jana aliteleza. Maganda ya alizeti yalikuwa yamemwagika uwanjani, naye akaanguka chali nyuma ya tela, pumzi ikakatika, asiweze kuita. Tela likaendelea kuja. Mzee Mughwai ndiye aliyepiga ukelele mpaka Sixbert akakanyaga breki. Dorika aliinuka, akajikung'uta, akacheka. Sixbert hakucheka, na jioni hiyo hakula.

Msimu huu ulipokaribia, Sixbert alirudi nyumbani na habari.

"Nimeongea na fundi. Ataniwekea vioo vyenye mikono mirefu, na kamera nyuma ya tela. Nataka niwe naona mwenyewe."

"Mwenyewe?" Dorika aliuliza.

"Mwenyewe."

Dorika aliendelea kuchambua mchicha, ila hakujua tena anachotupa na anachobakiza.

Alimtarajia mwanamume mwenye ovaroli iliyojaa grisi. Aliyeshuka kwenye bodaboda alikuwa msichana mrefu, nywele amezifunga kwa kitambaa, begi la vifaa mgongoni. Aliitwa Damari. Alitoka Utemini, Singida mjini, na alikuwa amepanga chumba karibu na soko kwa wiki nzima, kwa kuwa wenye matrekta kadhaa pale Mitundu walikuwa wamemwita.

"Shikamoo, mama," alisema Damari na kuinama kidogo.

"Marahaba." Dorika alijiona amezeeka hapo hapo.

Siku nzima alitafuta kazi za kufanya mahali ambapo trekta lilionekana. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alimwona Damari akichomelea mabomba ili vioo vitokeze nje na kupita upana wa magunia. Alimwona akifunga kamera ndogo, sawa na kiberiti, kwenye bodi la nyuma la tela, akivuta waya wake na kuweka skrini karibu na usukani. Alimwona Sixbert akimshikia ngazi. Lakini kilichomchoma ni kicheko. Sixbert alikaa kitini, akaitazama skrini, akacheka kwa sauti kama kijana. Dorika hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mumewe alicheka hivyo akiwa naye.

"Fundi, wewe ni hatari!" Sixbert alisema.

Hatari. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya tela lile miaka yote, juani na vumbini, na hakuwahi kuitwa hatari.

Wakati wa kula alimpakulia Damari ugali na mlenda, akamwekea sahani mbele bila kumtazama. Damari alikula akashukuru, akasifu mlenda. Hata sifa zile zilimuudhi.

Asubuhi iliyofuata magunia yalipakiwa. Dorika alikuwa ameshavaa viatu vya safari Sixbert alipomwambia, "Leo pumzika, mama Simoni. Nitakwenda mwenyewe."

Neno lile tena. Sixbert aliingia ndani kuchukua kofia yake. Dorika akazunguka nyuma ya tela, mahali pake, akaitazama ile kamera nayo ikamtazama. Mkono wake ukaenda kwenye waya. Akauchomoa. Kwa kuwa ni mtu asiyependa kitu kining'inie ovyo, akaukunja, akaufunga fundo kwenye kamba ya magunia, akaondoka.

Kupumzika kulimshinda. Alianza kuosha vyombo, akaviacha na mapovu yake, akashika njia ya kwenda mashineni kwa miguu. Njia nzima alimwona akilini Sixbert amekwama getini, akishuka, akisema mbele ya watu wote, kaniitieni mke wangu.

Alipofika, tela lilikuwa limekwama getini kweli. Ila aliyeitwa alikuwa Damari, amepanda juu ya bodi la nyuma, na Sixbert alikuwa amemshikia ngazi.

Dorika alisimama pale njiani. Alitaka kurudi nyumbani, na alitaka pia kuiangusha ngazi ile. Hakufanya lolote kati ya hayo. Mzee Mughwai alimwita Sixbert aje waangalie kama nguzo imechubuka, naye akaenda. Damari akashuka, akamwona Dorika, akamsogelea.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "waya ukichomoka kwa mtikisiko unaning'inia. Huu umekunjwa na kufungwa fundo. Fundo zuri kabisa."

Dorika aliinamisha kichwa. Uso ulimwaka moto.

"Mimi sina shida na wewe," Damari aliendelea. "Na baba sijamwambia. Naomba tu upande kitini kabla sijaurudisha. Kuna kitu nataka ukione."

"Mimi? Sijawahi kukaa pale."

"Ndiyo maana."

Dorika alipanda. Kiti kilikuwa na joto la jua. Vioo vile virefu vilimwonyesha mambo ambayo hakuyatarajia: kushoto aliona nguzo ya geti na ukuta wote, kulia aliona njia na watu waliokuwa wanangoja zamu yao. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Baba Simoni," Damari aliita, "nenda kasimame nyuma ya tela, pale mama anaposimamaga."

Dorika alimwona mumewe kwenye kioo cha kulia akipita, kisha akapotea. Akatazama kushoto. Hayupo. Akarudi kulia. Hayupo.

"Basi simama nikuone," alisema.

"Nimeshasimama." Sauti ilitoka nyuma ya magunia, imefifia kama inatoka ndani ya mtungi.

"Umesimama wapi?"

"Hapa. Mahali pako."

Dorika alinyoosha shingo, akainuka kitini, akageuka nyuma mwili mzima. Magunia. Mumewe hakuonekana hata kofia yake. Akakaa.

Damari akachomeka waya. Skrini ikawaka, na Sixbert akatokea ndani yake, mdogo, mikono nyuma, kama mtu aliyeko msibani. Hakujua kwamba anaonekana. Alikuwa anaangalia chini, penye maganda.

Dorika alishuka, akamfuata.

"Siku ile nilipoanguka..."

"Sikukuona," Sixbert alisema. "Siku zote nilikuwa nasikia sauti tu. Siku ile sauti ilikatika, nikadhani umeridhika, tela limenyooka. Nikaendelea kurudi, mama Simoni. Nilikuwa nakuja juu yako huku nimeridhika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Wewe ulikuwa unacheka."

Dorika alivuta kanga, akaifunga upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Waya nimeuchomoa mimi."

Sixbert alimtazama, akamtazama Damari, ambaye alikuwa ameinamia begi lake kama anatafuta kitu. "Kwa nini?"

"Nilikuona unacheka naye jana. Mimi huchekagi nami hivyo."

Sixbert alisukuma maganda kwa mguu. "Nilikuwa nimeona ukuta kwenye ile skrini. Ukuta, ardhi, mpaka kuku anapita. Tangu mwaka jana nikiweka rivasi tumbo linauma. Jana halikuuma. Ndiyo nikacheka."

Wivu haukumwisha Dorika siku hiyo. Wiki ile yote Damari alipopita na bodaboda kwenda kwa wateja wengine, bado alikuwa anamtazama mumewe usoni aone kama anageuka. Lakini alipopata nafasi alimwambia Sixbert wazi, "Pale nyuma sirudi tena. Na nyumbani kuosha vyombo wakati wewe unaonekana mashineni, hapana. Nifundishe."

Akafundishwa, uwanjani kwao, tela likiwa tupu. Mwanzoni lilimkimbia, kwa sababu tela la magurudumu mawili likirudi nyuma linakwenda kushoto unapokata usukani kulia. Aliangusha uzio wa zizi la mbuzi, akalia kwa hasira, akapanda tena. Hata hivyo macho yake yalikuwa yamezoea kulisoma tela, na kichwa kilijua linataka kwenda wapi kabla halijakwenda. Mikono tu ndiyo ilihitaji kujifunza.

Kabla mavuno hayajaisha alilipitisha getini kwa mzee Mughwai, magunia yamejaa, mara moja tu bila kurudi mbele. Dereva mmoja aitwaye Kefa, aliyekuwa anangoja zamu, akapiga makofi.

"Sixbert, mama amekuzidi!"

Watu wakacheka. Mzee Mughwai naye akacheka, akaja kumpa Dorika mkono palepale kwenye trekta.

Dorika alitazama kioo cha kulia. Mumewe alikuwa amesimama kando ya ukuta, anatabasamu kwa mdomo, macho hayamo. Akasogea mbele, akapaza sauti.

"Shuka sasa, nimalizie."

"Umalizie nini? Limeshaingia."

"Nilinyooshe."

"Limenyooka, baba Simoni. Angalia kwenye skrini."

Sixbert hakuangalia skrini. Aliokota ganda la alizeti, akalivunjavunja kati ya vidole. Dorika aliutambua uso ule, maana yeye mwenyewe alikuwa ameuvaa wiki nzima aliyokuwepo fundi. Alimwonea huruma kidogo, kisha akazima injini na kubaki kitini, akingoja mumewe aje aseme mwenyewe kinachomsumbua.