Koti la Kuzikiwa la Tambwe

Tambwe, fundi cherehani wa mtaa wa Kadutu mjini Bukavu, alijiandalia kifo chake vizuri kuliko alivyowahi kuandaa kitu kingine chochote maishani. Alikuwa akikohoa damu mbichi, ya kulowesha kitambaa, na kooni kitu kilimtekenya asubuhi hadi jioni. Sauti yake, ambayo zamani ilivuka soko zima, ilibaki mkwaruzo. Kila aliyemwona alitikisa kichwa na kutaja karuho, ile sumu ambayo watu husema hutiwa kwenye pombe ikamla mtu polepole.

Na pombe ya mwisho aliyokunywa kabla ya kuugua ilikuwa kasiksi, pombe ya ndizi, aliyoiuza Maman Colombe, mke wa rafiki yake Edouard. Kwa kawaida anayemimina huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna hila. Siku ile Colombe hakuonja, maana Tambwe alikuwa mtu wa nyumbani. Basi hilo likamtosha. Alikwenda akasimama uani kwao mbele ya wanywaji, akamnyooshea rafiki yake kidole.

"Edouard, bibi yako aliniua!"

Wanywaji waliweka vikombe chini, wakaondoka. Tangu siku hiyo mabenchi ya Colombe yalikaa matupu, na pombe yake ikachacha mtungini.

Tambwe naye akaendelea kufa. Aliwagawia mashemeji nguo zake zote. Alitaka kuwasamehe maadui zake, akawatafuta, akapata wawili tu, jambo lililomuudhi kidogo. Mwishowe akajishonea koti la kuzikiwa, abakosti ya kijivu yenye mifuko minne. Kitambaa kilikuwa haba, kwa hiyo akabana kwapa na mikono.

"Maiti hanyanyui mikono," alimweleza mkewe, Feza. Akalijaribu akiwa amelala chali juu ya meza ya kukatia, akajiona marehemu wa heshima kabisa.

Feza ndiye aliyechoka. "Kama uko nakufa, tutakuzika. Lakini kwanza twende kwa munganga."

Hospitalini walimkuta daktari Marcellin, mtu mpole mwenye miwani minene. Tambwe alikuwa amejiandaa kwa kisu.

"Mutanipasua kifua, Docteur?"

"Hapana, Papa. Hatutakata kitu. Utameza tu hii."

Akamwonyesha bomba la chuma, refu, lenye taa ndogo ndani. Tambwe alilitazama akaona kwamba kisu kingekuwa na huruma zaidi.

Muuguzi Séraphine alimpulizia dawa ya ganzi kooni, akamlaza kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda. Bomba likapita kinywani, likashuka. Daktari akafumba jicho moja na kuchungulia.

"Damu iligandaka hapa," alisema. Kisha akasogeza jicho karibu zaidi. "Séraphine, ngoja. Iko natembea."

Tambwe, asiyeweza kusema neno, alisali kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha ya mama yake. Daktari alipitisha koleo refu ndani ya bomba, akasubiri ganzi imlegeze na yule mgeni wa kooni, akavuta taratibu. Kitu cheusi, kinene, kikaangukia sahani na kujikunja. Kilikuwa ruba.

"Citoyen," daktari alimuuliza Tambwe, "ulikunywa mayi ya mutoni wapi?"

Hapo akakumbuka. Alikuwa amekwenda Luhwindja kuwauzia suruali wachimba dhahabu, akalala kifudifudi kwenye kijito akanywa. Wachimbaji walimwambia achuje maji kwa kitambaa. Yeye, fundi cherehani mwenye mzigo mzima wa vitambaa mgongoni, aliwajibu kwamba mtu wa Bukavu haogopi maji. Wakati ule ruba alikuwa mwembamba kama uzi. Akajishika kooni, akanenepa, huku mwenye koo akigawa suruali.

Damu ilikoma siku ileile. Tambwe alicheka mpaka Séraphine akamkemea. Kisha akamkumbuka Colombe, na aibu ikamchoma kuliko lile bomba.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda kwa Edouard amevaa koti la kuzikiwa. Hakuwa na jingine. Mashemeji walisema zawadi ya mtu anayekufa hairudishwi. Majirani walimfuata, wengi wao kwa ajili ya koti. Mkononi alishika chupa yenye ruba.

"Maman Colombe," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani, "muuaji ndjo huyu. Na mujinga ndjo mimi. Munisamehe."

Edouard alibaki amekaa. Colombe alimimina kikombe, akakipeleka midomoni mwake aonje, wote wakiangalia.

"Usionje," Tambwe alisema, akakipokea.

Akakinyanyua. Kikombe kilifika kifuani, koti likagoma. Akavuta kwa nguvu. Mshono haukuachia, na kwa mara ya kwanza maishani alijuta kushona vizuri. Akainamisha shingo, akatoa midomo, kikombe bado kikawa mbali. Uwanja mzima ukaangua kicheko, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, asijue tena kama ni ya kucheka.

Edouard akainuka. Alichukua kile kikombe, akamshika kisogo kwa mkono wa pili kama anayemnywesha mtoto mgonjwa.

"Kunywa, maiti," alisema. "Kunywa yote."

Tambwe akanywa yote.

Nyuma yao mtu alivuta benchi, akaketi. "Maman Colombe," aliita, "na mimi unipatie."