Mgonjwa wa Kupigiwa Mfano

Huu ulikuwa mwaka wa nne Editha anaishi na kisukari, na katika kliniki nzima hapakuwa na mgonjwa aliyesifiwa kama yeye. Kila alipotobolewa kidole, kipimo kilisoma vizuri. Kliniki iliyopita Nesi Maimuna alimsimamisha mbele ya wenzake waliojaa kwenye mabenchi.

"Mwoneni bibi yenu huyu," alisema. "Anatoka mlimani huko juu ya Bigwa, analima karoti, na sukari yake haipandi. Nyie wa mjini mna sababu gani?"

Watu walipiga makofi. Editha alitazama sakafu, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Ukweli ni kwamba aliifungia kliniki kama Kwaresima. Siku nyingine zote alikula alivyozoea: ugali wa kushiba, ndizi, na togwa tamu ya nafaka, ambayo huko kwao kuikataa ni kumdharau aliyeikoroga. Vidonge alimeza akikumbuka. Zikibaki siku chache ashuke mjini, alishindia mchicha na maji, na vidonge hakuvikosa. Kwa padri alikwenda na dhambi zake. Kwa nesi alikwenda ameziacha nyumbani.

Hakuanza kwa ujanja, alianza kwa woga. Mwezi wake wa kwanza alimwona mzee Hashimu, mtu mzima mwenye wajukuu, akisemwa na Maimuna mbele ya watu kwa sababu ya pilau ya harusi, mpaka akaondoka bila kuchukua dawa. Editha akaapa yeye hatasemwa namna ile. Sifa zikaja zenyewe, na zikishakuja, utazirudishaje?

Safari hii alishuka na kidonda kilichozidi. Changarawe iliingia kwenye katambuga lake la tairi shambani, akatembea nayo kutwa bila kuisikia, maana nyayo zilishakufa ganzi. Sasa chini ya kidole gumba palikuwa panatoa harufu. Alipafunga kitambaa, akavaa soksi juu yake. Alijua kabisa kwamba wenye kisukari hukatwa miguu kwa vidonda vya namna hiyo. Lakini kukionyesha ni kusema yote, naye hakuwa na uso wa kuyasema. Alipanga apimwe, asifiwe, anunue dawa ya kupaka, apande zake mlimani.

Kipimo kikasoma vizuri.

"Leo tunajifunza kukagua miguu," Maimuna akasema. "Bibi, njoo ukae hapa mbele, wenzako waone mguu unaotunzwa."

"Nasikia baridi, mwanangu."

"Kidogo tu, bibi."

Maimuna akapiga goti, akavua soksi, akafungua kitambaa kilichogandia. Benchi la mbele likaziba pua. Editha alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nesi hakukaripia. Alikishika kile kisigino kwa mikono miwili.

"Tangu lini?"

"Kliniki iliyopita kilikuwepo. Uliponisimamisha, nilikuwa nimekikanyagia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisema. Hiyo sukari unayoisifu si yangu. Nikikaribia kuja huku najinyima kula. Naona aibu, mwanangu. Naona aibu sana."

Maimuna akageuka kuwatazama waliokaa. "Nani mwingine hujinyima kabla ya kuja?"

Kwenye benchi la nyuma mzee Hashimu akanyoosha mkono. Akafuata mama mmoja dirishani, kisha wengine, mpaka waliobaki bila kunyoosha wakawa wa kuhesabika. Maimuna aliinamisha uso, na Editha akaona kwamba yule binti naye hana pa kujificha.

Nesi aliagiza kiti cha magurudumu, akakisukuma mwenyewe kuelekea kwa daktari.

"Nisamehe, bibi," alisema walipofika koridoni.

Editha alimuuliza kama mguu utapona. Maimuna akasema hajui.