Kiti cha Asiyekuwepo

Tangu basi la kampuni liwashushe walinzi asubuhi kutoka kambi yao ya Al Qusais, huko Uarabuni, Eriya hakuwa amekaa. Mlinzi hakai, hiyo ndiyo kanuni. Kufikia adhuhuri goti lake la kushoto, lenye kipande cha bomu alichokipata Mogadishu enzi za uaskari wake, lilikuwa limevimba hadi suruali inambana. Alisimama mlangoni mwa ukumbi wa hoteli, mtaa wa Al Mankhool, ameuma meno.

"Zein, ndugu yangu, nipe hata stuli," alimwomba msimamizi wake, kijana wa Mombasa.

"Stuli ya nini? Meneja akikuona umekaa, mimi na wewe sote khalas, kazi imekwisha. Na mkataba wako unasainiwa kesho. Vumilia, bwana. Inshallah watu hawa hawakawii kutoka."

Mkataba ndio uliomfunga mdomo. Bila mkataba hakuna visa, na bila visa ni ndege ya Entebbe, na watoto wake warudishwe nyumbani kutoka shule. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Eriya yeye alitakiwa asimame.

Ndani kulikuwa na karamu ya askari wastaafu wa Kimarekani. Wengi walimpita kama wanavyoipita nguzo. Mgeni rasmi tu, mzee Robledo, Mmarekani mwenye asili ya Mexico, ndiye aliyempa mkono. Alimwuliza habari ya goti, akampa pole, kisha akamwonyesha meza ndogo iliyotengwa karibu na mlango: kitambaa cheupe, ua moja jekundu, glasi iliyofudikizwa na kiti kitupu.

Prossy, Mganda mwenzake aliyekuwa mhudumu pale, alipita na sinia akanong'ona, "Afande, hicho kiti cha nani? Nimeambiwa nisimkalishe mtu."

"Cha askari ambaye hakurudi kutoka vitani. Ni desturi yao, mzee amenieleza."

"Na yule aliyerudi?"

Eriya akahamishia uzito kwenye mguu wa kulia.

Mzee Robledo akasimama kuhutubia. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, Eriya akakifuata neno kwa neno. Alisimulia jinsi baba yake alivyorudi kutoka vitani na nishani kifuani, akaingia mkahawani katika mji wao huko Texas, akaambiwa watu wa aina yake hawakai humo. Chakula alipewa kupitia dirisha la jikoni, akala amesimama. Ndipo wanajeshi wenzake wa asili hiyo wakaungana, wakaenda mahakamani, wakaandamana, wakafungwa.

"Hatukuomba fadhila," mzee alisema. "Tulidai haki ya kukaa mezani kama watu wengine."

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Wengine walifuta machozi. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama mlangoni. Hasira ikampanda Eriya, hasira ya mtu mzima aliyechoka kumeza, hata akasahau kesho kuna nini. Alichechemea hadi kwenye ile meza ndogo, akavuta kiti, akakaa.

Makofi yakakatika. Zein alikuja mbio mbio, jasho linamtoka.

"Eriya, umerukwa na akili? Inuka. Yalla, inuka kabla meneja hajafika, nakuomba."

Mzee Robledo alikuwa bado ameshika kipaza sauti. "Rafiki yangu," alisema polepole, "hicho kiti ni cha wafu wetu."

"Najua, sir. Hata mimi nina wangu, niliwabeba kwa mikono hii," Eriya alijibu. "Lakini wafu hawaumwi goti."

Mzee alishusha kipaza sauti. Alitazama watu wake, akatazama hotuba yake, asijue aendelee wapi.

Meneja alitokea mlango wa nyuma. Alimnyooshea Eriya kidole, akamtazama Zein. Zein akanyoosha mkono, macho chini, na Eriya akavua kitambulisho chake cha kazi shingoni akampa. Kisha, bila kuinuka, akainama na kuanza kulegeza kamba za buti la kushoto.