Vidole vya Mama Rangi

Macho ya Mama Rangi yalimtupa mkono polepole na kwa adabu, kama mgeni anayeaga asitake kusumbua wenyeji. Kwanza yaliondoka maandishi madogo, kisha nyuso za watu waliosimama mlangoni, na mwisho rangi zenyewe. Dunia ikabaki nyeupe-nyeupe, imelowa maziwa. Usingizini tu ndiko alikoziona rangi, tena kali kupita zamani: kijani kibichi cha kutia meno ganzi, wekundu unaojitembelea ukutani. Akiamka aliendelea kulala kidogo, azikumbuke. Hakumwambia mtu. Na utamwambiaje mtu, nawe ndiye mchanganyaji wa duka la rangi la kaka yako, na mtaa mzima umekubandika jina la Mama Rangi?

Kilichomsitiri ni programu kuukuu ya dukani. Haikuwa na kipanya wala picha, ni maandishi tu kwenye kioo, na kila jambo lilifanywa kwa vitufe. Chini, chini, chini, ingiza: mashine ya kuchanganyia inakohoa, inatema buluu. Alitembea humo ndani kama mtu anayeamka kunywa maji gizani nyumbani kwake. Kila kitufe kilikuwa na mlio wake, na asubuhi tulivu milio hiyo ilimchukua mbali, asijue kama yuko kazini au anaota. Wateja aliwaambia, "Nisomee jina la rangi kwa sauti, mwanangu, mimi na miwani tumegombana." Wakacheka, wakasoma.

Sasa programu yenyewe ilikuwa taabani. Kompyuta mpya ziliikataa, na ile ya zamani ilipumua kwa mbinde. Kaka mtu akamwita binti yake, fundi wa programu, yule waliyempa jina la Maswali tangu hajamaliza kuota meno.

"Tuiandike upya kwa lugha za siku hizi, au tuendelee kuibembeleza hii? Amueni wewe na shangazi yako," akasema, akaenda zake. Kwa kukwepa maamuzi, kaka huyo hajambo.

Maswali akavuta kiti. "Ikiandikwa upya, shangazi, utapata picha. Huhangaiki na vitufe, unaiona rangi, unaigusa kwa kidole, basi. Unasemaje?"

"Nasema niacheni na mzee mwenzangu. Nikifa mtaiandika hata kwa lugha ya ndege."

Wakacheka wote, ila moyoni Mama Rangi hakucheka. Picha za kugusa! Siku hiyo angekaa mbele ya kioo mikono mapajani, na kila mtu angejua. Kiti kingekwenda, na jina nalo. Aliogopa, tena sana.

Asubuhi yote Maswali alishinda ndani ya programu ile, akichungulia na kuguna. Baada ya chakula cha mchana akaingia seremala mmoja kijana, mke wake karibu kujifungua. Alitaka buluu ya mawingu kwa ajili ya chumba cha mtoto. Vidole vya Mama Rangi vikaenda vyenyewe: chini, chini, chini, ingiza. Mashine ilipokuwa ikizunguka, yeye tayari alikuwa amekiingia chumba hicho. Dari ilikuwa imeondoka, buluu imejaa hadi juu, na mtoto anaelea humo taratibu akinyonya kidole. Akatabasamu peke yake.

Seremala akafungua kopo. Akalisogeza mezani.

"Mama Rangi, ndiyo hii?"

Mama Rangi akainama juu ya kopo, akatazama kwa makini. Aliona weupe uleule.

"Hiyohiyo," akasema. "Ikikauka itapoa zaidi."

Seremala akaangua kicheko, maana utani wa mama huyu aliujua. Kisha akamwona hacheki, naye kicheko kikamkatikia njiani.

"Kosa langu, kaka, samahani sana," Maswali akadakia. "Asubuhi nimezipanga rangi kwa alfabeti, zimehama mahali." Akamchanganyia nyingine, akamsindikiza hadi nje. Aliporudi alikaa sakafuni, kando ya kiti cha shangazi yake.

"Tangu lini, shangazi?"

"Zamani kidogo."

Mashine ilidondosha tone moja, likafuata jingine.

"Orodha nitairudisha kama ilivyokuwa," Maswali akasema. "Baba nitamwambia haifai kuandikwa upya. Hatajua mtu."

Ndilo Mama Rangi alilokuwa akiliomba siku zote, na sasa ameletewa mkononi. Lakini alimfikiria yule kijana, na lile "hiyohiyo" lililomtoka bila haya, machoni pa mtu anayemngoja mwanawe. Aibu ikampanda hadi masikio yakawaka moto.

"Iandike upya," akasema. "Ila vitufe vyangu usiviguse. Na nikifika kwenye rangi, initajie jina lake. Kompyuta za siku hizi si zinaongea?"

"Zinaongea hadi zinaudhi."

"Basi na hiyo iongee. Baba yako nitamwambia mwenyewe, leo hii."

Akapapasa mezani hadi akalipata lile kopo lililokataliwa. Akachovya kidole ndani, akakiinua kuelekea sauti ya binti wa kaka yake.

"Haya, niambie, mwanangu. Nilimpa rangi gani?"