Siku Thelathini za Geji

Picha ilifutwa saa kumi na moja na robo jioni. Mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi, kashika simu ya dada yake, anausafisha ukurasa wa dada huyo wa mtandaoni huku akisoma kwa sauti kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Dada kavaa miwani ya jua kazini, futa. Dada anamtukana refa, futa.

"Na hii ya vali," alisema. "Hii ndiyo inayokukosesha kazi, dada. Barua kumi na moja umeandika, hujajibiwa hata moja. Wanafungua ukurasa wako, wanakutana na hii, wanafunga."

Dada mtu, fundi wa boila, mitambo ya kuzalisha mvuke viwandani, hakubisha. Miezi tisa ya kula mshahara wa mdogo wake, mpokea wageni kwenye kliniki ya meno, ilikuwa imemlainisha. Picha ilimwonyesha mwenzake wa zamu, ambaye kiwandani walimwita Geji, kwa jina la kipimo cha presha, akielekeza kidole kwenye vali ya usalama ya boila. Vali ilikuwa imefungwa kwa waya ili isiachie mvuke, mashine zisije zikasimama. Chini yake fundi aliandika: "Hii itaua mtu." Siku mbili baadaye boila ilipasuka, ikamuua Geji. Ripoti ya ajali ikasema marehemu alizembea na waya haukuwepo, mjane wake akaambulia patupu. Picha ile tu ndiyo iliyosema vingine.

"Futa," fundi alisema.

Chai haijachemka, Geji akapiga hodi. Alikuwa na ovaroli yake ya bluu, mvuke unamtoka shingoni na kwenye mikono ya nguo.

"Pale nilipokuwa nikikaa, nimefutwa," alisema. "Naomba nijishikize hapa kidogo."

Mdogo mtu alitandika taulo kwenye kiti ili kisilowe, akamuuliza kama anatumia sukari. Geji alisema vijiko viwili.

Simu ilieleza kwamba kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka siku thelathini, kisha hupotea kabisa. Geji aliisoma ilani hiyo mwenyewe, akaguna, akawarudishia simu yao.

Wiki ya kwanza alikuwa wa moto haswa. Mdogo mtu alimtandazia sare ya kliniki mgongoni, ikanyooka kuliko kwa pasi. "Kaka, geuka, bado kola," alimwambia, naye aligeuka. Wiki ya pili akawa wa kukaushia leso tu. Wiki ya tatu aliomba sweta. Fundi alimpa la kwake, na tangu hapo hakuweza kumtazama usoni.

Barua ya kumi na mbili ikajibiwa. Usaili ulipangwa saa nne asubuhi, siku ya thelathini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Geji alisema atamsindikiza, maana jioni hatakuwepo.

Ofisini walimpa Geji kiti karibu na dirisha. Meneja aliuliza maswali ya presha na ya maji ya boila, fundi akajibu bila kubabaika. Afisa utumishi akauliza atafanya nini mshale wa presha ukikwama. Fundi akajibu, Geji akatikisa kichwa kukubali.

"Ukurasa wako tumeupitia," meneja alisema. "Umetulia. Watu kama wewe ndio tunaowataka." Akamsogezea karatasi yenye mstari mmoja: sijaandika wala sitaandika lolote kuhusu mahali popote nilipofanya kazi. "Saini hapo, Jumatatu uanze."

Fundi alishika kalamu. Aliitaka kazi ile. Pembeni yake Geji alikuwa amejikunyata ndani ya sweta, viganja kwapani, midomo imemkauka, na wala hakuomba kitu. Hasira zikampanda fundi. Alimkasirikia meneja, akajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa siku zote alizomwacha mwenzake apoe sebuleni kwake.

"Naomba dakika moja," alisema.

Akatoa simu, akaiweka mezani mbele ya meneja, akafungua pipa la taka penye picha ya vali, akabonyeza "rejesha". Miwani ya meneja ikaingia ukungu. Afisa utumishi akainuka kufungua dirisha. Geji akavua sweta, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani.

"Umeirudisha," meneja alisema, akifuta miwani kwa tai.

"Nimeirudisha, na haitoki tena. Kwenye karatasi yenu andikeni kwamba vali haifungwi waya, nitasaini sasa hivi."

"Nafasi hii tutampa mwingine."

"Mpeni. Mwambieni kabla hajawasha aangalie vali kwanza."

Geji aliaga getini, akarudi kwenye picha yake. Ripoti ya ajali haijabadilika hata nukta, na mjane bado anazungushwa na makarani, njoo kesho, njoo kesho.

Jioni ile ile fundi aliandika barua ya kumi na tatu. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya wadhamini, watu wanaoweza kuulizwa habari zake. Mstari wa kwanza akaandika jina kamili la Geji, cheo chake, na anwani ya ukurasa wenye picha.

Mdogo wake alichungulia begani. "Dada, huyu ni marehemu. Wakimwita je?"

"Wamwite," fundi alisema. "Atakuja."