Safari ya Pwani kwa Dakika Ishirini

Apolinaria alitunga mchezo mmoja tu maishani mwake, na huo mmoja ulikuwa hauishi. Mara ya kwanza ulichezwa katika uwanja wa parokia ya Goweko, sikukuu ya mavuno. Ulianza baada ya misa, na wapagazi wa mchezo, waliobeba pembe za ndovu, wakafika Bagamoyo wakati kuku wanaingia bandani. Hakuna mtu aliyeondoka. Apolinaria alijisifu wiki nzima, mpaka alipoambiwa kwamba nyama ya sikukuu ilichelewa kuiva.

Mara ya pili walialikwa Tabora mjini, kwenye ukumbi wa shule. Padri alimwambia kwa upole kwamba watakuwa na saa moja. Apolinaria akachukua penseli, akafuta safari yote ya kurudi. Maneno ya mama anayemuaga mwanawe hakuyagusa, kwa kuwa aliyemwigiza mama huyo alikuwa yeye mwenyewe. Pazia lilipofungwa, bibi mmoja wa kiti cha mbele akauliza kwa sauti, "Sasa wale vijana wamefia wapi?"

Kisha ikaja barua ya Josepha, binti wa mzee Ngollo. Ngollo alikuwa mpagazi ujanani mwake, zamani za misafara, na kila kilichokuwamo katika mchezo ule kilitoka kinywani mwake, wakimenya karanga pamoja mlangoni kwa Apolinaria, mwaka baada ya mwaka. Lakini kabla mchezo haujachezwa aliugua, akapelekwa Tabora kwa jamaa zake, na hata ulipochezwa huko hakuweza kuinuka kitandani. Sasa Josepha alikuwa anamchukua kwake Kilosa. "Sidhani kama atarudi tena," aliandika. "Kushuka hawezi, ila treni itasimama Goweko kutia maji. Anauliza kama ataweza kuuona mchezo wako, japo kidogo."

Maji ya treni yalichukua dakika ishirini.

"Ishirini!" alisema Paskazia, aliyeigiza kijiji kizima pamoja na mbuzi wake. "Mama Raymundi, kuaga kwako peke yake ni dakika kumi na tano."

"Kumi na mbili," alisema Apolinaria.

"Siku ambayo hukupiga chafya."

Apolinaria akakata mto, akakata njaa, akakata simba. Simba alikuwa Kornel, aliyejishonea ngozi kwa mkono wake mwezi mzima. "Usijali, mama," Kornel alisema. "Mimi nitazuia watu wasisimame mbele ya dirisha la mzee." Akaikunja ngozi yake taratibu. Apolinaria alimwonea huruma sana, lakini maneno ya mama hakuyapunguza hata neno.

Siku ilipofika, Ngollo alikuwa dirishani, amefunikwa shuka mpaka kidevuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Haya, nionyeshe."

Apolinaria akatoa leso, akaanza kuaga. Aliaga tumbo lililomzaa mwanawe, akaaga mgongo uliombeba, akaaga na jembe. Abiria walinunua karanga na kuku wa kuchoma juu ya kichwa chake. Alikuwa anaanza kuaga kinu alipoona bomba la maji linaondolewa kwenye injini. Akamtazama Ngollo. Mzee hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amenyoosha shingo, akiutafuta msafara nyuma yake.

Kwa mara ya kwanza tangu atunge mchezo ule, Apolinaria alinyamaza katikati ya sentensi.

"Damas! Tokeni!"

Damas na wapagazi wenzake wakatoka nyuma ya ghala, na pembe zao za majani makavu kichwani. Ngollo akapiga ubao wa dirisha.

"Begani! Nani kawafundisha kubeba kichwani? Kichwani hubeba watu wa pwani! Mnyamwezi hubeba begani!"

Apolinaria aliona aibu mpaka masikioni. Miaka yote ile ya karanga hakuwahi kumuuliza. Aliandika kichwani kwa sababu yeye hubeba kichwani.

Damas akahamishia mzigo begani. Ngollo akatoa mkono nje ya shuka, akaita mwito wa kirangozi, yule atanguliaye msafara. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini wazee wawili wa behewa lile waliujua, wakauitikia, kisha behewa zima. Treni ikaanza kusogea kuelekea pwani. Wapagazi wakaifuata wakikimbia, mizigo begani, Ngollo mbele yao akiwaongoza kutoka dirishani, mpaka mwisho wa jukwaa la stesheni.

Apolinaria alibaki akipunga mkono. Machozi yalimtiririka, na leso aliyoiandaa kwa ajili ya machozi hakukumbuka kuitumia. Paskazia akaichukua mkononi mwake, akamfuta, wala hakumtania.

Jioni ile Apolinaria alifungua daftari. Alifuta "kichwani" kila ilipokuwa, akaandika "begani". Akamrudisha simba wa Kornel. Halafu akayakata maneno ya mama yakabaki mistari mitatu. Akayasoma, akayafikiria, akaongeza minne.

Kinu alishindwa kukiacha.