Wimbo Nilioimba Edani

Biasha alinipigia simu nikiwa uani natenganisha ukindu wa rangi na mweupe.

"Shoga, hiyo mikeka yako inakaa Bungu inamngoja nani? Ilete huku Dar. Kila Jumamosi na Jumapili tuna kiwanja chetu cha sanaa. Watu wanachora, wanachonga, wanauza vyakula, na sisi tunapiga muziki. Wa huku wakiona mkeka wa Rufiji hata hawaulizi mara mbili."

Nikamwambia mimi na muziki wapi na wapi, mjane mzima.

"Kwani nimekwambia uje ucheze? Utakaa pembeni na mikeka yako. Na pa kusalia papo, nimeshakuulizia."

Hapo ndipo aliponilainisha, kwa kuniulizia pa kusalia. Biasha ananijua. Tulipakana ua hapa Bungu mpaka alipohamia Mbagala kwa bintiye. Alikuwa muimbaji wa harusi, kuanzia Kibiti mjini mpaka Mbuchi watu wanamtafuta yeye. Na kulikuwa na jambo langu moja ambalo, katika watu walio hai, alilijua yeye peke yake.

Mume wangu, Maalim Sadallah, alisomesha madrasa hapa kijijini. Alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Hata wakati wa masika, njia zote tope, kwenye kanzu yake huoni doa. Mwaka wake wa mwisho alishikwa na maradhi ya tezi dume, mkojo ukawa hauzuiliki. Anatia udhu, hajafika mlangoni udhu umeshakatika. Nilimwambia dini imemuwekea mgonjwa wepesi, na wewe ndiye uliyetusomesha hayo.

"Najua," akasema. "Lakini sisimami mbele ya watoto niliowafundisha kujitwahirisha, huku nanuka."

Akaacha kwenda msikitini, akaacha na madrasa. Kwa kuwa siku zile kulikuwa na maneno maneno juu ya uimamu, watu wakasema Maalim kasusa, kiburi kimemjaa. Akawaacha waseme. Aliona bora kuitwa mwenye kiburi kuliko lile lingine. Akaniambia, "Nisitiri, Mwantum." Nikamwambia nimekusitiri.

Mdogo wake Habibu alikuwa akija kutoka Dar kumtazama, nami namjibu mlangoni kama nilivyoagizwa, kwamba kaka yako hataki kuonana na mtu. Safari ya mwisho Habibu alipandisha sauti makusudi, isikike ndani. "Basi na akae na kiburi chake." Sadallah aliisikia. Aligeukia ukutani. Akafa, Habibu hajamuona.

Biasha sikumwambia mimi. Alijionea mwenyewe kutokea uani kwake, kila alfajiri nafua mkeka, na mwanamke kwa mwanamke hawafichani mambo ya kufua. Akazunguka akaja kunisaidia kuuanika upande usioonekana njiani. "Shoga, hili nitakwenda nalo kaburini," aliniambia. Wala sikuwa nimemuomba.

Nilipokaa eda alikuja kila alasiri tukasuka ukili pamoja. Ndipo maneno yakawa yananitoka, polepole, yanafuata mkono:

Mkeka umelowa, maalim, sijasema.
Nimeufua, nimeuanika, sijasema.
Wamekuja kuuliza, maalim, sijasema.
Lala, kumekucha, sijasema.

Sikuuita wimbo. Nilikuwa nazungumza na mume wangu. Biasha alisuka huku machozi yanamdondoka kwenye ukili, nami nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtu wa kulia naye.

Basi Jumamosi nikaenda. Habibu alinipokea Mbagala na kirikuu chake, akapakia mikeka mwenyewe, hataki nishike hata mmoja. Tangu kaka yake afariki amekuwa akinitazama vizuri sana. Sukari, mafuta, dawa ya presha, vyote vyatoka kwake. Nilijua ndani yake kuna kitu kinamla kwa ajili ya ile safari ya mwisho.

Kiwanja kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Upande huu vijana wanachora ndege na twiga kwa rangi za kuwaka, upande ule mzee mmoja anachonga vinyago, akina mama wanakaanga kachori, watoto wanapakwa rangi usoni. Mbele kabisa jukwaa, na maspika makubwa kama makabati. Nilitandaza mikeka yangu chini ya turubai. Msichana mmoja mwenye suruali iliyochanika magotini akauinua mmoja, akaunusa.

"Bibi, huu umesuka mwenyewe? Aisee, mkali huu."

"Mkali kivipi, mwanangu? Hauna miba."

Akacheka, Habibu naye akacheka. "Shemeji, mkali ndiyo mzuri. Uza tu."

Nilisali alasiri nyuma ya turubai, na kweli palikuwa pasafi. Nilipotoa salamu, muziki ulikuwa umeanza. Biasha alikuwa jukwaani na gauni la kumeremeta, vijana wake wamemzunguka na gitaa na ngoma. Aliimba nyimbo zake za harusi, watu wakapiga vigelegele. Nilifurahi kwa ajili yake.

Kisha akashusha sauti, akaanza, "Mkeka umelowa, maalim, sijasema."

Mwanzo sikuamini masikio yangu. Aliuimba polepole kama nilivyokuwa nikiuimba mimi, mstari mmoja tu. Halafu ngoma zikaingia, gitaa likaingia, wimbo ukageuka wa kuchezwa. Watu wakawa wanaitikia "sijasema!" huku wameinua mikono. Akatokea kijana wake mmoja kavaa kanzu nyeupe na kofia, ameikamata kanzu kwa mbele, anatembea magoti yamebanana, anatazama huku na huku kama mwizi. Watu wakavunjika mbavu. Akina mama wa kachori waliacha makarai yao kuja kutazama.

Habibu alikuwa kasimama kando yangu anapigapiga mguu chini. Naye anacheka. "Huyu Biasha mtundu," akaniambia. "Maalim kojozi."

Nikatazama mikeka yangu. Nikasema moyoni, Mola wangu, uishe tu, uishe hivi hivi asijue.

Uliisha. Biasha akashika kipaza sauti, anahema.

"Huu wimbo sikuutunga mimi, nisiibe cha watu. Mwenyewe ni shoga yangu, yupo pale kwenye mikeka, katoka Bungu. Yalimkuta nyumbani kwake. Simama, Mwantum, wakuone. Mpigieni makofi."

Kiwanja kizima kikageuka. Simu zikanielekea. Yule msichana wa suruali akaniinamia, "Bibi, kumbe ndiyo mumeo huyo? Jamani."

Sikusimama. Niliinamisha kichwa nikaanza kukunja mikeka. Pembeni yangu mguu wa Habibu ulikuwa umetulia.

"Shemeji," akasema. "Maalim gani huyo?"

Nikakunja.

"Shemeji, nakuuliza kwa adabu. Kaka alikuwa hivyo?"

Kumwambia sivyo, nimesema uongo. Kumwambia ndivyo, nimemvua nguo mume wangu mbele ya mdogo wake. "Nishikie upande wa pili," nikamwambia. Hakushika. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga, mikono kichwani, na watu wanapita wanamruka.

Biasha akaja kwa furaha, jasho linamtiririka. "Mbona unakunja? Sasa ndiyo watanunua, umeshakuwa maarufu, bibi we."

"Uliniambia utakwenda nalo kaburini."

"Kwani nimetaja jina? Wimbo una jina la mtu ule?"

"Umenionyesha mimi kwa kidole. Mimi nimeolewa na mwanamume mmoja maisha yangu yote."

"Shoga, mwenyewe ameshatangulia. Na hapa mjini nani anamjua Sadallah?"

Nikamtazama Habibu, naye akafuata macho yangu. Ndiyo kwanza akamwona. Uso ukamshuka kidogo. "Ah," akasema. "Hukuniambia kama unakuja naye."

"Yule kijana wako," nikamwambia. "Ule mwendo, nani alimfundisha?"

Biasha akashika pindo la gauni lake, akawa analitazama. Wimbo nilimwimbia mimi, aliusikia, lakini mwendo ule haumo katika wimbo. Ni mwendo wa Sadallah alfajiri akitoka msalani, mkono ukutani, na hakuna mahali unapoonekana isipokuwa kutokea uani kwake. Kumbe huku ananisaidia kuanika, alikuwa anatazama na kuweka akilini.

"Watu walihitaji kucheka kidogo, Mwantum," akasema mwishowe. "Ule wimbo ulivyokuwa, unaliza. Nani anakuja Jumamosi kulia?"

Habibu alinirudisha mpaka Bungu ingawa sikumuomba. Tukapita Mkuranga. Baadaye akasema, macho yakiwa barabarani, "Ile siku niliyosema akae na kiburi chake. Alisikia?"

"Alisikia."

"Akasemaje?"

"Usiku ule alisema, usimlaumu Habibu, hajui. Akakuombea dua."

Alisimamisha gari pembeni. Hakulia. Alishika usukani tu.

"Angalau baada ya mazishi ungeniambia. Umekula sukari yangu, umeniona navyohangaika, ukanyamaza."

"Niliahidi, shemeji."

"Biasha amejua. Jirani. Mimi niliyenyonya naye titi moja nimejulia kwenye muziki, tena nikiwa nacheka." Akawasha gari. "Nimemcheka ndugu yangu, shemeji. Mmenifanya nimcheke."

Alisema *mmenifanya*. Akanihesabu mimi na Biasha pamoja. Aliniteremshia mikeka barazani, nikamkaribisha chai, akasema amechelewa.

Kesho yake Biasha akapiga simu. Watu wanautaka ule wimbo, alisema, umeshazunguka kwenye simu huko, wameombwa waurudie wiki ijayo. Atamwondoa yule kijana wa kanzu. Nimpe radhi yangu tu, moyo wake utulie.

"Usiuimbe," nikamwambia.

"Shoga, na vijana wangu je? Ndiyo wimbo unaotutoa."

"Basi unaniomba radhi ya nini, kama utauimba?"

Akasema nina roho ngumu, nikakata.

Nikakaa nikafikiri. Kama umeshazunguka kwenye simu, Bungu utafika, kama haujafika. Vijana wa vibanda vya barabarani ndio wa kwanza kuyapata mambo ya Dar. Watamwona mtu wa kanzu anatembea vile, wataambiwa mwenyewe ni Mwantum wa mikeka, na hapo waliosema Maalim kasusa watapata na la kuongezea. Kumsitiri kwa kunyamaza hakukuwepo tena. Kulibaki kimoja tu, nilichoapa sitakifanya.

Ijumaa baada ya sala nilimngoja Imamu, Sheikh Abdulazizi, nje ya mlango wa wanawake. Alikuwa na wazee wawili watatu, wale wale waliokuwa mstari wa mbele kusema.

"Sheikh, nina neno juu ya marehemu Maalim Sadallah, na nataka na hawa wazee walisikie. Hakususa msikiti. Alikuwa mgonjwa, udhu haukai. Aliona haya kuichafua nyumba ya Mungu. Alinikataza nisiwaambie, na leo nawaambia."

Mzee mmoja akatazama viatu vyake. Sheikh akaniuliza kwa upole, "Kwa nini leo, mama?"

"Mtasikia mengine kwenye simu. Nilitaka mlisikie kwangu kwanza."

Akavuta pumzi. "Wanangu wameshanionyesha," akasema. "Sikujua kama ni yeye."

Akainua mikono kumuombea, na wale wazee wakaitikia. Mimi nilishindwa kuitikia. Nilikuwa namfikiria Sadallah, aliyekubali kuitwa kila jina ili neno lile lisisemwe mbele ya mlango ule, na aliyelisema hapo ni mimi.